Kabla ya Kumwambia Mgonjwa Amepona



Makala haya tunayaandika tukiwa na deni. Katika mwaka wetu wa kichungaji, mafrateri watatu tulipangwa katika parokia moja ya kijijini, na miongoni mwa wagonjwa tuliopewa kuwatembelea alikuwamo kijana mmoja dereva wa bodaboda. Alikuwa na saratani ya damu. Tulipokutana naye mara ya kwanza hakufanana kabisa na mgonjwa wa saratani tuliyekuwa tumemfikiria njiani. Alikuwa amejaa mwili, anaendesha pikipiki yake, anacheka, na Jumapili anapiga kayamba kwaya. Kila siku baada ya chakula alimeza dawa, na kila mwezi alisafiri kwenda hospitali ya mbali kuchukua nyingine. Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, alituuliza: "Frateri, mimi sasa naona nimepona. Hivi kuendelea kumeza hizi dawa si kumwonesha Mungu kwamba sina imani?" Mmoja wetu akamjibu kwamba imani yake imemponya, amshukuru Mungu. Wengine wawili tulikuwapo. Tulinyamaza.

Hakuna aliyemwambia aache dawa. Hilo tulijitetea nalo baadaye, tena kwa maneno mengi. Lakini aliacha. Miezi ikapita, na asubuhi moja mama yake akaja parokiani, hodi yake hakungoja ijibiwe. Kijana amelala, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, tumbo upande wa kushoto limekuwa gumu kama ubao. Bandama ilikuwa imeanza kuvimba upya. Mama yule alituuliza swali moja tu: "Wanangu, mlimwambia nini?"

Tangu siku ile tumekuwa na msimamo mmoja, na ndio tunaoutetea hapa: sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji hatuna haki ya kusema neno lolote juu ya kupona kwa mtu anayemeza dawa kila siku mpaka tuwe tumejua, walau kwa kiasi chetu, dawa ile inafanya nini mwilini mwake. Tunajua wapo watakaosema hiyo ni kazi ya daktari. Ni kweli. Lakini lile swali la kijana halikuulizwa kliniki. Liliulizwa uani, giza likiingia, baada ya sala, na daktari hakuwapo. Tulikuwapo sisi.

Basi tulirudi seminarini tukaanza kusoma. Twende pamoja taratibu, maana bila hatua hizi hoja yetu haisimami.

Fikiria unatoka kigangoni jioni, mbele yako njiani amelala nyoka. Kabla hujawaza lolote, moyo unapiga kwa kasi na miguu imejaa nguvu. Tezi zilizoko juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu. Jambo la kushangaza ni kwamba adrenalini haiingii ndani ya seli ya ini au ya msuli inayotakiwa kufanya kazi. Inaishia mlangoni. Inashika kipokezi kilichoko kwenye utando wa seli, na kuanzia hapo ujumbe unapokezanwa ndani kwa ndani. Kijumbe kidogo kinatengenezwa, kinaamsha protini moja, hiyo inaamsha nyingine, na hiyo nyingine inaamsha kimeng'enya kinachovunja glikojeni, yaani akiba ya sukari, ili utimue mbio. Kila hatua inaamsha nyingi zaidi ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo molekuli chache tu za adrenalini pale mlangoni zinatosha kufungulia sukari nyingi mno ndani.

Hao wanaoamsha wenzao ndio wanaoitwa kinasi, au kwa ukamilifu protini kinasi. Kazi yao ukiieleza ni fupi. Katika kila seli kuna molekuli iitwayo ATP, ambamo seli huweka nishati ya kutumia papo hapo, na mkiani mwake ina fosfati tatu. Kinasi inachukua fosfati moja kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye protini nyingine. Fosfati ina chaji ya umeme, hivyo protini iliyobandikwa inabadili umbo lake, na umbo likibadilika kazi nayo inabadilika: iliyolala inaanza kazi, au iliyokuwa kazini inasimama. Kisha viko vimeng'enya vingine, fosfatasi, ambavyo kazi yao ni kuibandua ile fosfati ili mambo yarudi kama yalivyokuwa. Kubandika na kubandua. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua jambo hili katika miaka ya 1950 huko Seattle, Marekani, wakichunguza misuli, na walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Katika hesabu iliyotolewa mwaka 2002, mwanadamu alionekana kuwa na jeni 518 za kinasi. Insulini nayo inasikika kwa njia hii hii, maana kipokezi chake chenyewe ni kinasi.

Jina lenyewe halipaswi kututisha sisi tunaosoma falsafa. Limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kusogeza au kuendesha, lile lile lililomo katika *kinesis* ya Aristotle tunayoikariri kabla ya mtihani. Kila kinasi inasogeza kwa sababu nayo imesogezwa na iliyo kabla yake. Mwalimu wetu mmoja alicheka tulipomwambia haya, akasema hatimaye tumepata mfano wa mwendo usiokuwa wa kijiti na jiwe.

Lakini mfano uliotusaidia zaidi haukutoka vitabuni. Ni kengele ya seminari. Kengele haimvishi mtu kanzu wala haimpelekei mtu uji. Ni ishara tu, na kila mmoja akiisikia anajua la kufanya. Mpiga kengele anaipiga kwa sababu saa imefika, kisha anaiacha. Huo uamuzi wa kuiacha tunausahau, na kumbe ndio unaofanya nyumba ikalike. Hebu mpiga kengele ya chakula angeshindwa kuiachia kamba, akaipiga mchana na usiku, siku zote. Kusingekuwa na sala wala masomo. Nyumba nzima ingesongamana bwaloni mpaka milango ivunjike.

Hivyo ndivyo ilivyotokea katika damu ya yule kijana.

Ugonjwa wake madaktari wanauita CML, aina ya saratani ya damu inayokwenda polepole mwanzoni. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, katika mji wa Philadelphia, waliona kwamba seli za wagonjwa hawa zina kromosomu moja ndogo kuliko kawaida. Miaka kadhaa baadaye Janet Rowley wa Chicago, mama aliyekuwa akizipanga picha za kromosomu juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, akaona kinachotokea, akakitangaza mwaka 1973: kipande cha kromosomu namba 9 na kipande cha namba 22 vimebadilishana mahali. Pale vilipounganika, jeni mbili zisizohusiana zimeshonwa kuwa moja, nayo inaitwa BCR-ABL. Ile ABL ni kinasi. Katika hali ya kawaida inafanya kazi ikiamriwa na inatulia ikiamriwa. Ikishashonwa na BCR haisikii tena amri ya kutulia. Inabandika fosfati mfululizo, na ujumbe inaoupeleka ni mmoja: gawanyikeni, msife. Uboho unafyatua chembe nyeupe za damu bila kiasi, na bandama inavimba. (Mwenzetu mmoja anaiita msogezaji asiyesogezwa wa uongo. Tumemwambia asije akaandika hivyo kwenye mtihani wa metafizikia.)

Fosfati yenyewe BCR-ABL inaibandika kwenye sehemu ya protini iitwayo tirosini. Kwamba tirosini inaweza kubandikwa fosfati hakuna aliyejua mpaka mwaka 1979, na aligundua Tony Hunter kule California kwa sababu alitumia mchanganyiko wa maabara uliokaa muda mrefu badala ya kutengeneza mpya. Asidi yake ilikuwa imeongezeka, na hiyo asidi ndiyo ikatenganisha vitu viwili ambavyo siku zote vilikuwa vikionekana kimoja. Hatulitaji hili kuwatetea wavivu wa maabara. Tunalitaja kwa sababu huku kwetu tumezoea kudhani sayansi ni jambo la watu wasiokosea.

Mambo mawili hapa yana uzito wa kichungaji, na tungeyajua mapema yangetusaidia hata kabla ya lile swali la kupona. La kwanza, badiliko hili la kromosomu hutokea katika seli moja ya uboho, mtu akiwa tayari amezaliwa na anaishi. Hakurithi kwa baba, hatamrithisha mtoto, hakuambukizwa, na hakuna aliyemtupia. Familia ya kijana yule ilikuwa imegawanyika kwa sababu shangazi mmoja alituhumiwa, na sisi tulikwenda kusuluhisha kwa maneno ya jumla ya kusameheana, kana kwamba shangazi kweli alikuwa na la kusamehewa. La pili, huku kwetu bandama iliyovimba watu wanaihesabia malaria, na homa na jasho la usiku vivyo hivyo. Mtu anaweza kumeza dawa za malaria mara tatu, nne, kabla mtu yeyote hajahesabu chembe nyeupe za damu yake. Anayemtembelea mgonjwa wa namna hiyo, akijua hata nusu ya haya, anaweza kusema: nenda ukapime damu kamili.

Sasa dawa. Katika miaka ya 1990, Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni ya Ciba-Geigy huko Basel, Uswisi, ambayo baadaye iliungana na nyingine ikawa Novartis, walitengeneza molekuli inayoingia katika mfuko ule ule wa kinasi ambamo ATP hukaa. Daktari Brian Druker wa Oregon ndiye aliyesisitiza ijaribiwe kwa wagonjwa wa CML. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Mei 2001 dawa iliidhinishwa Marekani. Jina lake ni imatinibu, na wengi wanaifahamu kwa jina la Glivec.

Rudi kwenye kengele. Imatinibu haimfukuzi yule mpiga kengele asiyeachia kamba. Haimuui. Inamshika mkono. Mfuko wa kinasi ukiwa umezibwa na dawa, ATP haina pa kukaa. Bila ATP hakuna fosfati, na bila fosfati hakuna ujumbe. Nyumba inatulia. Lakini jeni iliyoshonwa vibaya bado iko katika seli zake, na baadhi ya seli hizo zimejificha katika uboho zikiwa kimya. Baada ya saa kama 18 nusu ya dawa huwa imekwisha kutoka kwenye damu. Ndiyo maana inamezwa kila siku. Mkono ukiachiwa, kengele inaanza tena.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, na lilikuwa kosa la kufikiri kabla hata halijawa kosa la kusema. Tulimwona kijana mzima tukahitimisha ugonjwa haupo. Uzima ule ulikuwa ndio kazi yenyewe ya dawa, tukauchukua kuwa ushahidi kwamba dawa haihitajiki. Watafiti wa London mwaka 2010 walitoa matokeo ya wagonjwa waliopewa chupa zenye kifaa kinachorekodi kila zinapofunguliwa. Waliomeza asilimia 90 ya dozi zao au pungufu walikuwa na nafasi ndogo mno ya kufikia kiwango kizuri cha kushuka kwa BCR-ABL, wakilinganishwa na waliozingatia. Asilimia 10 ya mwezi ni siku tatu. Siku tatu ni mkesha wa Ijumaa, safari ya msibani na Jumatatu ya kusahau.

Haki itendeke: wapo wanaoacha dawa wakabaki salama. Mwaka huo huo wa 2010 Wafaransa walitangaza utafiti wao juu ya wagonjwa 100 ambao kwa miaka isiyopungua miwili BCR-ABL haikuonekana tena katika vipimo vyenye uwezo mkubwa. Waliachishwa dawa huku wakipimwa mara kwa mara. Kati ya waliofuatiliwa kwa mwaka au zaidi, karibu sita katika kila kumi ugonjwa ulianza kuonekana tena, karibu wote ndani ya miezi sita ya kwanza, na waliporudishiwa dawa ilifanya kazi. Wanne katika kila kumi walibaki bila dawa na bila ugonjwa. Kwa hiyo swali la kijana, kama swali, halikuwa la kijinga hata kidogo. Linaulizwa na mabingwa. Tofauti ni kwamba wao hulijibu kwa kipimo cha damu, na sisi tulilijibu kwa hisia zetu za jioni ile.

Tunasikia pingamizi, na limetolewa hata humu ndani na ndugu zetu wa karismatiki ambao tunawapenda: je, mnataka kusema Mungu haponyi? Hatusemi hivyo. Tunasema hivi. Bwana wetu alipomtakasa mwenye ukoma, katika Mathayo sura ya 8, hakumwambia arudi nyumbani akatangaze. Alimtuma kwa kuhani. Na ukisoma Walawi 13 na 14 utaona kuhani alikuwa anafanya nini: anatazama ngozi, anamtenga mtu siku saba, anatazama tena. Ulikuwa uchunguzi, tena wa kurudiarudia. Aliyeponywa na Kristo mwenyewe alipelekwa kupimwa. Kwa nini basi aliyeombewa na frateri asipelekwe?

Kanisa halikuacha njia hiyo. Prospero Lambertini, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XIV, aliandika katika karne ya 18 vigezo vya kuupima muujiza wa uponyaji, na miongoni mwake ni kwamba uponyaji uwe wa kudumu na usiweze kuelezwa kwa dawa aliyotumia mgonjwa. Lourdes ina ofisi yake ya madaktari tangu mwaka 1883, na ni visa vichache sana, kama sabini na kidogo, ambavyo Kanisa limevitambua kati ya maelfu yaliyoripotiwa. Kwa vigezo hivyo kijana wetu, aliyekuwa akimeza imatinibu kila siku, asingefika hata mlango wa kwanza. Sisi tulimtangazia uponyaji kwa dakika moja.

Na tuongeze jambo ambalo mtu aliyesoma Mtakatifu Thoma hapaswi kukumbushwa. Mungu akitenda kwa njia ya sababu za kati hatendi kidogo zaidi. Molekuli inayoziba mfuko wa kinasi haimnyang'anyi Mungu nafasi. Anayemshukuru kwa mvua hasemi mawingu yaondolewe.

Lawama zote hatuzibebi peke yetu. Tulipomhoji kijana baadaye tuligundua kwamba kwa zaidi ya mwaka alikuwa ameambiwa jambo moja tu hospitalini: "Meza kila siku, usiache." Kwa nini asiache, hakuna aliyemweleza. Au alielezwa kwa maneno ambayo nusu yake ni Kiingereza, katika foleni ndefu, na muuguzi aliyechoka. Amri bila sababu hudumu mpaka atokee mtu mwenye sauti tamu zaidi. Tulipomweleza habari ya mpiga kengele, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kumbe yumo, kashikwa tu." Hatujasikia maelezo mafupi ya dawa hii yanayoyapita hayo.

Kuna upande wa haki pia, na tunaona seminari zetu hukimbilia huruma zikaruka haki. Dawa hii ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2001 iligharimu zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, na bei iliendelea kupanda mpaka mwaka 2013 madaktari bingwa zaidi ya 100 wa ugonjwa huu kutoka nchi mbalimbali wakaandika kwa pamoja kuilalamikia. Tarehe 1 Aprili mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India iliikatalia Novartis hataza ya aina mpya ya imatinibu, hivyo viwanda vya huko vikaendelea kutengeneza dawa ile ile kwa bei ndogo mno. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu. Kwa upande mwingine, ni kampuni hiyo hiyo ambayo, pamoja na The Max Foundation, iliendesha mpango wa kuitoa bure katika nchi maskini, na wagonjwa wengi wa Tanzania wameishi kwa mpango huo kupitia Ocean Road, Dar es Salaam. Tunashukuru. Lakini msaada hutolewa na unaweza kusitishwa, na ugonjwa unaotaka dawa kila siku hauwezi kutegemea ukarimu wa mtu mwaka hadi mwaka. Dawa inayojulikana kumrudishia mtu uhai wake inapaswa kuwa katika bajeti ya serikali na katika bima, na maaskofu wetu wakilisema hilo watakuwa wanasema jambo la Injili.

Hata ikiwa bure, kuna nauli. Kuna siku mbili za kukosa abiria. Kuna kipimo cha BCR-ABL ambacho hakipatikani kila hospitali, na bila hicho daktari anaendesha gari gizani. Na kuna swali ambalo hatukutaka kuliweka hapa kwa sababu hatuna jibu jepesi: wanawake wanaotumia imatinibu hushauriwa wasishike mimba wakiwa kwenye dawa, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto. Wagonjwa wetu wengi ni vijana, wengine wamefunga ndoa juzi. Watakuja kwa padre. Padre atakayewajibu kwa mafundisho sahihi bila kujua ugonjwa wao unavyokwenda, wala kwamba daktari anaweza kupanga nao wakati na namna, atakuwa amerudia kosa letu akiwa amevaa stola.

Tunaomba nini? Hatuombi kozi mpya, ratiba zetu zimejaa. Tunaomba mchana mmoja katika mwaka wa falsafa ambapo daktari au muuguzi wa kliniki ya saratani, na mwingine wa kisukari, na wa VVU, waje waeleze kwa Kiswahili dawa za kila siku zinafanya nini na mtu akiacha kinatokea nini. Tukio kama letu lingeweza kumpata mgonjwa wa yeyote kati yao. Tunaomba pia kabla ya frateri kupelekwa kwenye mwaka wa kichungaji aambiwe waziwazi kwamba neno "umepona" si lake. Anaweza kusema "tumshukuru Mungu kwa unavyojisikia leo," na anaweza kuuliza, "kliniki yako ni lini?" Mpako wa Wagonjwa haukosi kitu kwa kuulizwa swali hilo. Na parokia zenye mfuko wa maskini zihesabu nauli ya kliniki kuwa tendo la huruma sawa na sanda na jeneza, ambavyo hatujawahi kukosa pesa za kuvinunua.

Kijana alirudishiwa dawa. Kwa muda daktari alihofia kwamba kinasi ingekuwa imebadilika umbo kiasi cha imatinibu kutoingia tena katika mfuko wake, jambo ambalo hutokea, na hapo hutafutwa dawa nyingine za jamii hiyo ambazo si rahisi kuzipata. Mpaka sasa haijaonekana hivyo. Bandama imeshuka, pikipiki ameanza kuiendesha, ila kipimo chake bado hakijarudi pale kilipokuwa kabla hajatuuliza. Mwezi ujao anapimwa tena. Sisi watatu tulichanga nauli tukaipeleka kwa mama yake. Aliipokea, akaihesabu, akasema haitoshi: inatakiwa ya watu wawili, maana safari hii mmoja wetu atakwenda naye, akae mbele ya daktari asikilize mwenyewe.